MIHIMILI SAHIHI YA RAMANI ZA VIMO
Maelezo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Pamoja na daftari la wanachama na leja ya mazao, vyama vyetu vingi vya kahawa sasa vinatakiwa kutunza orodha nyingine: orodha ya mahali yalipo mashamba. Sababu zake ni mbili. Kwanza, mnunuzi wa kahawa hutaka kujua kahawa imelimwa katika kimo gani kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa kimo ni mojawapo ya mambo yanayoathiri ukomaaji wa buni na ladha yake. Pili, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 Kanuni namba 2023/1115, inayotaka kahawa na mazao mengine kadhaa yanayoingia katika soko lake yasitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kanuni hiyo inataka mahali pa kila shamba patajwe kwa latitudo na longitudo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi yake hayawezi kungoja siku ya mwisho.

Kazi ya kulinganisha orodha ya mashamba na ramani za vimo na za misitu hufanywa kwa kompyuta. Wengi huamini kwamba kitu kilichotoka katika kompyuta hakina kosa. Makala hii inakusudia kueleza mahali pamoja ambapo kosa huingia kwa urahisi sana, nalo huingia bila kelele: katika kuweka mihimili ya ramani. Mihimili ikikosewa, shamba la mwanachama halihami ardhini, lakini katika karatasi huhamia kwa jirani, bondeni, au ndani ya msitu wa hifadhi. Mwanachama mwenyewe hataona kosa hilo. Ataona tu kwamba kahawa yake imekataliwa.

FAILI LA VIMO NI NINI

Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11, kikipima kwa rada vimo vya nchi kavu kati ya latitudo 60 Kaskazini na latitudo 56 Kusini. Vipimo hivyo hujulikana kwa jina la SRTM. Kuanzia mwaka 2014 vipimo vyake vya karibu karibu zaidi vilianza kutolewa bure kwa bara la Afrika, na hadi leo vinatumika sana.

Vipimo hivyo vimegawanywa katika mafaili. Kila faili hufunika eneo la digrii moja kwa digrii moja. Faili la eneo la Kilimanjaro huitwa S04E037. Maana ya jina hilo ni kwamba pembe yake ya kusini-magharibi ipo latitudo 4 Kusini na longitudo 37 Mashariki. Kutoka hapo faili huenda hadi latitudo 3 Kusini upande wa kaskazini, na longitudo 38 upande wa mashariki. Mji wa Moshi, kilele cha Kibo, vihamba vya Vunjo na sehemu kubwa ya Rombo vyote vimo katika faili hilo moja.

Ukilifungua hukuti picha. Unakuta namba tupu zilizopangwa kama jedwali: mistari inayokwenda mashariki na magharibi, na safu zinazoshuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Kila namba ni kimo kwa mita. Kipo kimo cha 1,412, kipo cha 1,409, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba namba hii ni ya Kirua na ile ni ya Marangu. Anwani ya kila namba hutokana na nafasi yake katika jedwali. Ndiyo maana hatuna budi kutengeneza orodha mbili kando ya jedwali hilo: moja inayotaja latitudo ya kila mstari, na nyingine inayotaja longitudo ya kila safu. Orodha hizo mbili ndizo mihimili.

Ili kuziweka sawasawa yatakiwa kujua mambo matano: mahali pa kuanzia, idadi, umbali kati ya namba na namba, mwelekeo, na kama kila namba ni ya nukta au ya kisanduku.

IDADI NA NAFASI

Kila mkulima aliyewahi kupima mashimo ya kahawa anaijua hesabu hii. Mstari wa mita 27, wenye nafasi ya mita 2.7 kati ya shimo na shimo, una nafasi 10 lakini una mashimo 11. Anayechimba mashimo 10 akataka yafike mwisho wa mstari atalazimika kutanua nafasi, na kila shimo baada ya la kwanza litakuwa nje ya mahali pake.

Faili la SRTM lipo hivyo hivyo. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Hizi si dakika na sekunde za saa, bali ni sehemu za digrii. Kwa hiyo digrii moja ina sekunde 3,600. Vipimo vimewekwa kila baada ya sekunde moja, kuanzia ukingo mmoja hadi ukingo wa pili. Nafasi ni 3,600, na vipimo ni 3,601. Mstari wa mwisho wa faili moja hurudiwa kuwa mstari wa kwanza wa faili jirani, kama vile nguzo moja ya mpakani inavyotumiwa na mashamba mawili.

Sekunde moja katika sehemu zetu, karibu na ikweta, ni karibu mita 31 ardhini. Anayegawanya digrii moja kwa 3,601 badala ya 3,600 atakuwa sahihi mwanzoni mwa faili, na kufika mwisho atakuwa amekosea mita 31. Kosa la namna hii halionekani haraka, kwa kuwa hukua kidogo kidogo kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili.

Idadi inaweza kuhakikiwa hata kabla ya kufungua faili, kwa kutazama ukubwa wake. Kila kimo huchukua baiti 2. Namba 3,601 mara 3,601 mara 2 ni baiti 25,934,402. Kama faili lako ni la vipimo vya kila sekunde 3, lina vipimo 1,201 kila upande na baiti 2,884,802. Faili lenye ukubwa mwingine ama limekatika njiani, ama limepangwa kwa namna nyingine.

NUKTA AU KISANDUKU

Si kila ramani imepangwa kama SRTM. Tuchukue ramani ya misitu ya dunia iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Maryland cha Marekani, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2013. Kipande chake kinachofunika sehemu kubwa ya Tanzania huitwa 00N_030E, nacho huanza latitudo 0 na longitudo 30 Mashariki, kikashuka hadi latitudo 10 Kusini na kufika longitudo 40. Angalia kwamba jina hilo hutaja pembe ya kaskazini-magharibi, wakati jina la SRTM hutaja pembe ya kusini-magharibi. Anayedhani kwamba majina yote hutungwa kwa kanuni moja atapotea tangu hatua ya kwanza.

Kipande hicho kina visanduku 40,000 kila upande, kila kisanduku kikiwa na digrii 0.00025. Hapa hakuna hesabu ya kuongeza moja, kwa sababu tunahesabu nafasi zenyewe na si mashimo. Namba iliyomo ni ya kisanduku kizima, na katikati ya kisanduku cha kwanza hapapo pembeni mwa ramani, bali nusu ya kisanduku kwa ndani, yaani digrii 0.000125.

Nusu ya kisanduku ni karibu mita 14. Kwa mtu anayechora ramani ya bara zima, mita 14 si kitu. Kwetu sisi ni jambo kubwa. Kihamba cha nusu hekta, kikiwa mraba, kina upande wa mita 70 hivi. Mita 14 ni sehemu moja ya tano ya upande huo. Kihamba kilicho mpakani mwa msitu kikisogezwa mita 14, kompyuta itaripoti kwamba sehemu ya shamba imo msituni, wakati ambapo mwanachama hajakata hata mti mmoja.

Kosa hilo huwa kubwa kadiri visanduku vinavyokuwa vikubwa. Katika ramani yenye visanduku vya sekunde 30, ambavyo ni karibu mita 925 kila upande, nusu ya kisanduku ni zaidi ya mita 460. Kwenye mteremko unaopanda mita 80 kwa kila kilometa, kosa hilo pekee hubadilisha kimo kwa mita 37 hivi.

MWELEKEO NA ALAMA

Katika faili la SRTM, mstari wa kwanza ni wa kaskazini kabisa. Katika hesabu tulizofundishwa shuleni, mhimili wa wima huanza chini na kupanda juu. Mtu aliyezoea hivyo huanza na latitudo 4 Kusini, akapanda hadi 3, na ramani nzima ikapinduka juu chini.

Tuone matokeo yake. Shamba lililopo latitudo 3 na dakika 16 Kusini, katika miteremko ya Vunjo, litasomewa kimo cha latitudo 3 na dakika 44, kwenye tambarare zilizo karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu. Mkulima wa kahawa ya mlimani ataandikiwa kimo cha mahali ambapo kahawa ya arabika haistawi.

Alama ya kutoa nayo huleta hasara. Kompyuta huandika latitudo za Kusini kwa namba hasi. Shamba lililopo -3.25 na 37.5, likiandikwa 3.25 bila alama, huhamia kaskazini mwa Kenya, upande wa jangwa la Chalbi. Na karani akibadilisha mahali pa namba hizo mbili, akaiweka longitudo mahali pa latitudo, shamba hilo huonekana Hispania, katika jimbo la Granada. Makosa makubwa namna hii yana heri yake, kwa kuwa mtu yeyote akitazama ramani atayaona. Ya kuogopwa zaidi ni yale madogo.

Mojawapo ya hayo madogo huanzia kwetu sisi, na si kwa karani wa kompyuta. Latitudo 3 na dakika 15 si 3.15. Dakika 15 ni robo ya digrii, kwa hiyo namba sahihi ni 3.25. Tofauti ya 3.15 na 3.25 ni kilometa 11. Katibu anayenakili kutoka kwenye simu au kifaa cha kupimia aandike bayana ni mfumo gani anaotumia.

HASARA YA KUFUPISHA DESIMALI

Umbali kati ya kipimo na kipimo katika SRTM ni digrii 1 kugawanya kwa 3,600. Ukiigawa unapata 0.00027777, na tarakimu ya 7 huendelea bila mwisho. Wapo wanaofupisha na kuandika 0.00028, wakiona kwamba tofauti ni ndogo mno.

Tufanye hesabu. Tuseme mhimili wa latitudo umeanzia kusini, kwenye -4, na mhimili wa longitudo umeanzia magharibi, kwenye 37. Kila hatua imewekwa 0.00028. Kufika mwisho, baada ya hatua 3,600, mhimili utakuwa umekwenda digrii 1.008 badala ya 1. Hizo 0.008 zilizozidi ni karibu mita 890.

Sasa tulitafute shamba letu la -3.25 na 37.5. Kwa mihimili hiyo, kompyuta itasoma kimo cha mahali palipo karibu mita 660 kusini mwa shamba na karibu mita 440 magharibi mwake. Kwa pamoja ni umbali wa karibu mita 800, sawa na nusu maili. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wanaujua ukanda wa msitu wa nusu maili uliotengwa enzi ya ukoloni kati ya vihamba na msitu wa juu. Kufupisha desimali moja tu kumetosha kuuruka ukanda huo wote. Na kwenye mteremko wa mita 80 kwa kilometa, zile mita 660 za kusini peke yake humpunguzia mkulima zaidi ya mita 50 za kimo.

Dawa yake ni nyepesi. Usiandike desimali, iambie kompyuta igawanye yenyewe. Kwa faili la S04E037, tukihesabu mistari na safu kuanzia sifuri, kanuni ni hizi:

Latitudo = -3 kutoa (namba ya mstari kugawanya kwa 3,600).
Longitudo = 37 kujumlisha (namba ya safu kugawanya kwa 3,600).

Shamba letu la latitudo 3 na dakika 15 Kusini, longitudo 37 na dakika 30 Mashariki, linaangukia mstari wa 900 na safu ya 1,800. Katibu yeyote anaweza kuihakiki hesabu hiyo kwa kalamu: dakika 15 mara sekunde 60 ni 900, dakika 30 mara 60 ni 1,800.

Yafaa kukumbuka mambo mawili zaidi. Programu nyingine huanza kuhesabu kwa sifuri na nyingine huanza kwa moja. Zile zinazoanza kwa moja, ni lazima kuondoa moja kabla ya kugawanya. Pia, mhimili usitengenezwe kwa kuongeza hatua juu ya hatua hadi ufike mwisho, kwa maana vipande vidogo vya desimali hujilimbikiza, na mara nyingine orodha hupungua au kuzidi namba moja. Ni heri kila namba ihesabiwe peke yake kutoka mwanzo.

NAMNA YA KUHAKIKI

Mkaguzi hakubali salio la fedha bila kulilinganisha na taarifa ya benki. Vivyo hivyo, ramani isikubaliwe bila kulinganishwa na ardhi yenyewe. Njia zifuatazo hazihitaji mtaalamu.

1. Tazama namba za kwanza na za mwisho za kila mhimili. Kwa S04E037, latitudo zianzie -3 na kuishia -4 kamili. Longitudo zianzie 37 na kuishia 38 kamili. Mhimili unaoishia 38.008 au 37.9997 una kosa.

2. Tafuta namba iliyo kubwa kuliko zote katika faili. Lazima iwe ya Kibo, karibu na mita 5,895, ingawa inaweza kupungua kidogo kwa sababu rada haipimi ncha ya jiwe moja. Mahali pake ni karibu na latitudo 3.076 Kusini na longitudo 37.353 Mashariki, yaani mstari wa 273 hivi na safu ya 1,272 hivi. Kama kilele kimeonekana karibu na latitudo 3.92, ramani imepinduliwa.

3. Usitosheke na alama moja. Kibo kipo karibu na ukingo wa kaskazini, na kama mhimili umeanzia huko, kosa linalokua kidogo kidogo litakuwa bado dogo. Tafuta alama nyingine iliyo mbali. Ziwa Chala, lililopo mpakani na Kenya, lafaa sana: lina umbo la wazi, uso wake ni bapa, na kingo zake zimesimama. Likilingana mahali pake katika ramani nyingine, mhimili una nafasi njema ya kuwa sahihi.

4. Chagua mashamba machache ambayo wanakamati wanayafahamu: moja la juu kabisa karibu na msitu, moja la katikati na moja la chini. Soma vimo vyake. Kama shamba la chini limepewa kimo kikubwa kuliko la juu, simamisha kazi.

5. Angalia kama kimo cha -32768 kimejitokeza. Namba hiyo si kimo. Ni alama ya mahali ambapo hapakupatikana kipimo. Isiingizwe katika wastani wa chama.

WAJIBU WA KATIBU

Si lazima kila Katibu ajue kuendesha programu ya ramani. Lakini ni wajibu wake kuuliza. Mtu yeyote, awe karani wa Chama Kikuu, wakala wa mnunuzi au mtaalamu wa kukodishwa, anayeleta orodha ya vimo au ya mashamba yanayodaiwa kuwa msituni, aombwe aeleze kwa maandishi: ametumia faili gani, lina mistari na safu ngapi, limeanzia pembe ipi, namba zake ni za nukta au za visanduku, na amehakiki kwa alama zipi za ardhini. Asiyeweza kujibu maswali hayo asipewe nafasi ya kumfuta mwanachama katika orodha ya wauzaji.

Isisahauliwe pia kwamba wingi wa tarakimu si usahihi. Kanuni ya Ulaya inataka latitudo na longitudo zenye tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Tarakimu ya sita ni kama sentimeta 11 ardhini, wakati simu ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa, hasa chini ya migomba na miti ya kivuli. Tarakimu 6 zilizosomwa juu ya mhimili uliokosewa ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Kwa shamba lililozidi hekta 4, Kanuni hutaka mpaka mzima uchorwe. Kwa mengine yaliyo madogo, nukta moja inatosha. Nukta hiyo ichukuliwe katikati ya shamba, si mlangoni pa nyumba wala barabarani.

Inashauriwa kila chama kifungue jalada moja la ramani, na ndani yake ziwekwe nakala ya orodha ya mashamba, majibu ya maswali yaliyotajwa hapo juu, na karatasi ya uhakiki iliyotiwa saini na Katibu pamoja na wanakamati wawili. Siku mwanachama atakapoambiwa kwamba shamba lake lipo msituni, jalada hilo ndilo litakalokuwa shahidi wake. Chama kisichokuwa nalo kitabaki na maneno matupu mbele ya mnunuzi mwenye ramani, na gharama ya kosa la mtu mwingine italipwa na mkulima.